NDUGU WAWILI, SAUTI MBILI: SOMO KUHUSU DON NA PHIL EVERLY

Najua wapo watakaofungua ukurasa huu na kuuliza, "Sasa hawa Wamarekani wanatafuta nini katika jarida la Chama cha Kiswahili?" Hata mhariri aliniuliza hivyo hivyo. Nilimjibu kwamba Kiswahili si lugha ya kuelezea habari za Fumo Liyongo peke yake. Lugha iliyokomaa hueleza lolote, hata mambo ya gitaa na mahakama za Marekani. Mhariri akacheka, akanipa kurasa hizi. Basi niruhusuni niendelee.

Kwanza niwaeleze kilichonisukuma. Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya yetu. Dada yangu, ambaye yuko kidato cha nne, huimba sauti ya kwanza. Tukishuka jukwaani, sifa zote humwendea yeye: "Ala! Kumbe dada yako ni kinanda!" Mimi hupewa mkoba wake niubebe. Siku moja nyumbani nilikuwa naosha vyombo huku nikiimba sehemu yangu peke yangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Mama akaniuliza, "Huo ni wimbo gani?" Ulikuwa wimbo ule ule alioupigia makofi Jumapili iliyotangulia.

Jambo hilo lilinikera. Nikaanza kuulizauliza kama kuna mwimbaji wa sauti ya pili aliyewahi kujulikana duniani. Mjomba wangu, ambaye ni mpenzi mkubwa wa nyimbo za kantri, akanitolea santuri ya zamani yenye picha ya vijana wawili wenye nywele zilizochanwa juu kama upanga wa jogoo. Akaniambia, "Sikiliza hawa, halafu uniambie ni yupi wa kwanza na ni yupi wa pili." Nilisikiliza mara tatu nisiweze kumjibu. Wale walikuwa Don na Phil Everly, ama The Everly Brothers kama walivyojulikana.

Isaac Donald Everly, yaani Don, alizaliwa tarehe 1 Februari 1937 katika kijiji cha Brownie, wilaya ya Muhlenberg, jimbo la Kentucky. Huko ni kwenye machimbo ya makaa ya mawe. Baba yao, Ike Everly, alikuwa mchimbaji aliyeacha machimbo akaenda mjini Chicago kujaribu bahati yake kwa gitaa, na huko ndiko mdogo wake Don, Phillip, alikozaliwa tarehe 19 Januari 1939. Hao walikuwa watoto wake wote wawili, kifunguamimba na kitindamimba, hapakuwa na mwingine katikati.

Kuhusu huyo mzee Ike ningeweza kuandika makala nzima. Sehemu za Muhlenberg zilikuwa na mtindo wao wa kupiga gitaa. Kidole gumba kinapiga besi bila kupumzika, tu-ta tu-ta, na wakati huo huo kidole kingine kinacheza wimbo wenyewe kwenye nyuzi nyembamba. Ukifumba macho utadhani kuna magitaa mawili. Mtindo huo ulisambazwa sana na mpiga gitaa mmoja mweusi aliyeitwa Arnold Shultz, ambaye alifariki mwaka wa 1931 bila ya sauti yake wala gitaa lake kurekodiwa hata mara moja. Kwa hivyo Don na Phil walikulia katika nyumba ambamo gitaa moja lilikuwa tayari linasema kwa sauti mbili. Sijui kama kuna aliyewaza hivyo kabla yangu, lakini mimi naona hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Katikati ya miaka ya 1940 familia ilihamia Shenandoah, mji mdogo katika jimbo la Iowa, na Ike akapata kazi katika stesheni ya redio iliyoitwa KMA. Si muda mrefu mama yao, Margaret, na watoto pia wakawa wanaimba redioni. Watangazaji waliwaita "Little Donnie" na "Baby Boy Phil", yaani Donnie Mdogo na Mtoto Phil. Wengine wetu tukiamka asubuhi ni kukimbilia matatu na daftari mkononi. Hawa waliamka wakaimba mbele ya kipaza sauti, kisha ndio wakaenda shule. Hapakuwa na kusema leo sauti imekauka. Redio ya siku hizo ilikuwa moja kwa moja hewani, ukikosea umekosea mbele ya wilaya nzima.

Sasa tuingie katika somo lenyewe: walikuwa wakiimbaje?

Wale mlio katika kwaya mnaijua ngazi ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Kuimba sauti mbili kwa njia rahisi ni kuruka kidato kimoja. Wa kwanza akisema do, wa pili anasema mi. Wa kwanza akipanda re, wa pili anapanda fa. Wanakwenda sambamba kama reli za gari la moshi, hawakutani na hawaachani. Don ndiye aliyeimba sauti ya chini, ambayo mara nyingi ndiyo iliyokuwa wimbo wenyewe. Phil aliimba juu yake. Hii ndiyo sababu nilishindwa kumjibu mjomba. Sisi katika kwaya tumezoea kuwa sauti ya juu ndiyo ya kwanza, na alto iko chini inajificha. Kwa ndugu hawa yule "wa pili" ndiye aliye juu, kwa hiyo sikio humkimbilia yeye. Tena Phil hakuridhika na kuruka kidato kimoja tu. Alikuwa akiutengeneza mstari wake ukawa karibu wimbo unaojitegemea. Ukimwondoa Don kabisa, bado unaweza kuuimba mstari wa Phil ukaeleweka. Hebu ilinganisheni na mimi na vyombo vyangu.

Lililo gumu zaidi ya ngazi ni wakati. Waimbaji wawili wakisema neno moja, mmoja hutangulia japo kwa nukta ndogo, na mwingine hufuata. Kwa Don na Phil huisikii nafasi hiyo. Wanaanza silabi pamoja, wanaifunga pamoja, wanavuta pumzi pamoja. Watu wengi husema ni damu: ndugu wana umbo moja la kinywa na koo, na lafudhi moja waliyoinyonya kwa mama. Sikatai. Lakini mimi ninaye dada wa damu, baba mmoja mama mmoja, na hadi leo tukiimba yeye hutangulia nami hufuata. Kwa hivyo naona ile redio ya asubuhi ilifanya kazi kubwa kuliko damu. Ushahidi mwingine ninao, nitaufikia.

Mwaka wa 1955 Don alimaliza shule ya sekondari na wakaelekea Nashville, jimbo la Tennessee, ambako ndiko kwenye soko la nyimbo za kantri. Kampuni ya Columbia iliwarekodi, santuri ikatoka mwaka wa 1956, haikununuliwa, wakaachwa. Walisaidiwa sana na Chet Atkins, mpiga gitaa mashuhuri aliyemjua baba yao. Ndipo mwaka wa 1957 wakachukuliwa na kampuni ndogo ya Cadence ya Archie Bleyer, na wakapewa wimbo uliokuwa umekataliwa na waimbaji wengi. Uliitwa "Bye Bye Love". Uliandikwa na mume na mke, Boudleaux na Felice Bryant. Inasemekana vijana hawa walikubali kuuimba kwa sababu kila mmoja angelipwa dola 64 za kikao cha kurekodi, na mfukoni hawakuwa na kitu. Don akaongeza kipande cha gitaa mwanzoni, kipigo kizito kinachokatika-katika, alichokuwa amekitunga kwa ajili ya wimbo wake mwingine. Kipande hicho ndicho kinachomfanya mtu ageuze shingo kabla hata hajasikia neno. Wimbo ulifika nambari 2 nchini Marekani.

Baada ya hapo ilikuwa ni mvua baada ya kiangazi. "Wake Up Little Susie" wa mwaka huo huo ulifika nambari 1. Ni kisa cha mvulana na msichana waliolala usingizi wakitazama sinema, wakaamka saa kumi usiku wakaanza kujiuliza watawaambia nini wazazi. Hakuna ubaya uliotendeka humo, lakini baadhi ya stesheni za redio za Boston ziliupiga marufuku (walimu wa nidhamu wako kila mahali). Mwaka wa 1958 ukaja "All I Have to Do Is Dream", wimbo wa polepole, mtamu kama asali. Huo ndio mjomba huupiga akidhani tumelala.

Lakini santuri ninayoipenda mimi siyo ya nyimbo hizo za kuvuma. Ni ile iliyotoka mwishoni mwa 1958 iitwayo "Songs Our Daddy Taught Us", maana yake nyimbo alizotufunza baba yetu. Fikirini: vijana wa miaka 21 na 19, wasichana wanawapigia mayowe kila mji, kampuni inasubiri wimbo mwingine wa kuchezea dansi, nao wanaingia studio na magitaa yao mawili na besi tu, hakuna ngoma, wanaimba nyimbo 12 za kale za kina babu. Mmojawapo ni "Barbara Allen", hadithi ya kijana anayekufa kwa mapenzi. Wimbo huo ulivuka bahari na wahamiaji kutoka Uingereza, na Mwingereza mmoja, Samuel Pepys, aliutaja katika shajara yake mwaka wa 1666. Kwa hivyo ulipofika kinywani mwa Don na Phil ulikuwa umeishi karibu miaka mia tatu. Ni sawa na mmoja wetu, akiwa amepata umaarufu wa kuimba rapu, aache yote arekodi nyimbo za jandoni za kijiji cha babu yake. Santuri hiyo haikuuza sana wakati huo. Lakini mwaka wa 2013 Billie Joe Armstrong na Norah Jones waliirudia nyimbo kwa nyimbo, miaka 55 baadaye.

Ni katika santuri hiyo ndipo unaposikia sauti mbili vizuri zaidi, kwa sababu hakuna kelele ya kuzificha.

Mwaka wa 1960 walihamia kampuni ya Warner Brothers kwa mkataba wa miaka kumi uliosemekana kuwa wa dola milioni moja. Wimbo wao wa kwanza huko ulikuwa "Cathy's Clown", na hapa naomba msomaji asogee karibu kwa sababu wimbo huu utarudi tena mwishoni mwa makala. Katika kiitikio hawatembei sambamba kama reli. Phil anaishika noti ya juu, anaing'ang'ania, huku Don akishuka ngazi chini yake hatua kwa hatua. Nafasi kati yao inapanuka na moyo wa msikilizaji unavutwa huku na huku. Kisha katika beti Don anaimba peke yake, Phil kimya. Kiitikio kikirudi wanaungana tena. Wimbo ulikaa nambari 1 Marekani kwa wiki tano na Uingereza kwa wiki saba.

Kule Liverpool, vijana wawili wasio ndugu, John Lennon na Paul McCartney, walikuwa wakisikiliza kwa makini. Mwaka wa 1963 kundi lao, Beatles, lilitoa "Please Please Me", na mbinu ni ile ile: mmoja anashika noti ya juu, mwingine anashuka. McCartney mwenyewe amekiri waliipata kwa ndugu Everly. Na huko New York wanafunzi wawili wa shule moja, Paul Simon na Art Garfunkel, walijifunza kuimba kwa kuwaiga hawa ndugu, mpaka mwaka wa 1970 wakautia "Bye Bye Love" katika santuri yao mashuhuri. Huo ndio ushahidi niliouahidi. Simon na Garfunkel hawana undugu wowote wa damu, na sauti zao zinashikana kama chanda na pete. Damu husaidia, lakini mazoezi hufundishika.

Ajabu ni kwamba wakati dunia inaiga sauti yao, wenyewe walikuwa wanazama. Sababu zilikuwa nyingi na zilikuja kwa pamoja. Mwaka wa 1961 waligombana na meneja wao, Wesley Rose, ambaye ndiye pia aliyekuwa mkuu wa kampuni iliyomiliki nyimbo za akina Bryant. Walipomwacha, kisima kikafungwa. Hawakupata tena nyimbo mpya za akina Bryant, na hata zile ambazo wangetunga wenyewe zilifungwa na mkataba wa kampuni hiyo hiyo mpaka mwaka wa 1964. Mwishoni mwa 1961 wakaingia jeshini kwa miezi sita. Halafu Don akanaswa na dawa. Hazikuwa za vichochoroni; alianza kwa kuchomwa sindano na daktari, akiambiwa zinampa nguvu ya kazi. Mwezi wa Oktoba 1962 walikuwa London kuanza ziara ya Uingereza. Don akaanguka, akapelekwa hospitali, akarudishwa Marekani.

Na Phil je? Alipanda jukwaani akaimba ziara nzima peke yake.

Hapo nilikomea nikafikiri sana. Huyu ni kijana wa miaka 23 ambaye tangu utotoni ameimba juu ya sauti ya kakake. Sasa chini hakuna sakafu. Tiketi zimeuzwa, watu wamekuja kuona ndugu wawili, naye anasimama peke yake usiku baada ya usiku. Watu wanaosema wa pili ni pambo tu hawajaisoma habari ya ziara hiyo.

Mwaka wa 1962 ndio uliokuwa wa mwisho kwao kuingia kumi bora za Marekani. Waliendelea kurekodi, na mwaka wa 1968 walitoa santuri nzuri iitwayo "Roots", yaani mizizi, ambayo ndani yake waliweka vipande vya ile redio ya familia vilivyorekodiwa mwaka wa 1952. Unamsikia mzee Ike akizungumza, unawasikia watoto. Katika nyumba yetu mjomba alinyamaza kabisa kipande hicho kilipopita, naye si mtu wa kunyamaza. Lakini santuri haikuvuma, na ndugu walikuwa wamechokana. Tangu utotoni hawajawahi kuwa watu wawili. Mkataba mmoja, jina moja, picha moja, gitaa za aina moja, suti za rangi moja. Mkubwa alikuwa mkubwa siku zote, na mdogo alibaki kuwa "Mtoto Phil" hata ndevu zilipoota.

Tarehe 14 Julai 1973 walikuwa wakiimba katika bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm, California. Don alikuwa ameshatangaza kwamba anaacha. Siku hiyo alipanda jukwaani akiwa mlevi, akawa anakosea maneno. Onyesho likasimamishwa. Phil akalivunja gitaa lake kwa hasira, akaondoka. Don akarudi kuimba peke yake akawaeleza watu kwamba yamekwisha, na kwamba kwa maoni yake Everly Brothers ilikuwa imekufa miaka kumi nyuma.

Walikaa miaka kumi. Wenyewe walisema kwamba katika muda huo walikutana mara moja tu, kwenye mazishi ya baba yao mwaka wa 1975. Kuna methali yetu isemayo ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hapa majirani wangelima misimu kumi.

Kila mmoja alijaribu kuimba kivyake, na hakuna aliyefika mbali. Lakini angalieni jambo hili ambalo mimi niliona ni la kuchekesha na kuhuzunisha pamoja. Mwaka wa 1979 Don alisikika vizuri sana katika wimbo mmoja wa mwimbaji wa kike Emmylou Harris, akiimba naye sauti mbili. Na Phil alipopata wimbo uliofanikiwa, mwaka wa 1983 huko Uingereza, ulikuwa "She Means Nothing to Me", akiimba pamoja na Cliff Richard. Yaani kila mmoja alimkimbia mwenziwe kisha akaenda kutafuta sauti nyingine ya kuweka kando ya yake.

Mwezi wa Septemba 1983 walipatana, wakaimba pamoja katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Mwaka uliofuata walitoa santuri mpya, na McCartney, yule mwanafunzi wao wa kutoka Liverpool, akawaandikia wimbo uitwao "On the Wings of a Nightingale". Mwaka wa 1986 walikuwa miongoni mwa wanamuziki kumi wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Heshima la Rock and Roll, bega kwa bega na Elvis Presley na Ray Charles. Mnamo 2003 na 2004 walizunguka na Simon na Garfunkel, wanafunzi wengine. Nisiwadanganye kwamba walikuwa marafiki wakubwa. Walifanya kazi pamoja na kila mtu akaenda kwake.

Phil alifariki tarehe 3 Januari 2014 kwa ugonjwa wa mapafu uliotokana na sigara. Zilibaki siku 16 tu atimize miaka 75.

Sasa tumerudi kwa "Cathy's Clown" kama nilivyoahidi. Ulipotoka mwaka wa 1960 uliandikishwa kwa majina ya wote wawili, Don na Phil. Mwezi wa Juni 1980, wakati ule wa kununiana, Phil alitia sahihi karatasi ya kumwachia Don haki zake katika wimbo huo. Phil alipokufa, familia yake ilitaka irudishiwe sehemu yake kwa mujibu wa sheria ya Marekani ya hakimiliki. Mwaka wa 2017 Don akawashtaki warithi wa ndugu yake katika mahakama ya Nashville. Kesi ilipanda hadi mahakama ya rufani, ikarudishwa chini mwaka wa 2020 isikilizwe upya, na mwezi wa Mei 2021 jaji akaamua kwamba mtunzi wa wimbo ni Don peke yake.

Sina ujuzi wa sheria, na inawezekana jaji alikuwa sahihi kabisa. Sheria inauliza nani alitunga maneno na wimbo. Haiulizi nani aliishika ile noti ya juu mpaka Liverpool wakaisikia. Lakini nilipoisoma habari hiyo niliweka gazeti chini nikaenda kusikiliza tena kiitikio, nikajaribu kumwondoa Phil kichwani mwangu ili nisikie wimbo wa Don peke yake. Sikuweza. Labda ninyi mtaweza.

Don hakukaa na ushindi wake. Alifariki Nashville tarehe 21 Agosti 2021, akiwa na miaka 84. Mama yao Margaret, aliyekuwa akiimba nao redioni, alikuwa bado yu hai.

Kwa wale wa kwaya wanaotaka kujaribu, njia niliyotumia ni hii. Tafuteni "Cathy's Clown" ama "Barbara Allen". Mara ya kwanza sikiliza sauti ya chini tu, uifuate kama unavyomfuata mtu sokoni usimpoteze. Mara ya pili fanya hivyo kwa ya juu. Mara ya tatu imba ya chini pamoja nao, na ya nne imba ya juu. Usijali maneno, imba "la la la" tu. Utakapoweza kushika moja bila kuvutwa na nyingine, umefuzu.

Mimi na dada tulifanya zoezi hili likizo ya Aprili, mlango umefungwa ili majirani wasilalamike. Safari hii nilimwambia achukue sauti ya pili yeye. Aliniangalia kama nimemtukana, lakini akakubali. Alivutwa na sauti yangu mara nne, akaanza upya mara nne. Mara ya tano tulifika mwisho wa kiitikio pamoja, yeye juu, mimi chini. Mama akaita kutoka jikoni, akauliza tumefungua redio gani.